Kwenda Tshangalele kutoka Lubumbashi: namna ya kuwaona ndege wa matete ya Lufira

Ukinunua samaki mbichi sokoni Lubumbashi, mara nyingi mama muuzaji atakwambia: "Hii ni ya Kapolowe." Unaelewa hapohapo kwamba imetoka karibu, haijalala kwenye barafu siku nyingi. Kapolowe iko ukingoni mwa ziwa Tshangalele, na ziwa lile tunalila wiki hadi wiki. Lakini mtaani kwangu waliowahi kusimama ukingoni mwake ni wa kuhesabu, na waliolala huko ili waamke pamoja na ndege ni wachache zaidi. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wale ambao bado hawajaenda. Nimekwenda mara kadhaa, nimekosea baadhi ya mambo, na sasa najua safari inavyopaswa kupangwa.

Kwanza ujue unakwenda wapi. Ziwa Tshangalele limetengenezwa na watu. Wakati migodi ya Katanga ilipohitaji umeme, mto Lufira ulizuiwa kwa bwawa pale Mwadingusha, na mitambo ikaanza kazi mwaka 1930. Maji yalipokosa njia yakatanda juu ya tambarare. Ndiyo maana ziwa ni pana lakini halina kina kirefu, na ukingo wake hauonekani kama mstari. Unatoka kwenye mashamba ya mahindi, unaingia kwenye dembo, zile nyanda za majani zinazoshika maji, halafu matope, halafu matete na mafunjo, halafu visiwa vya majani vinavyoelea, ndipo maji wazi yasiyo na majani. Maji hupanda na kushuka kufuatana na mvua na bwawa, kwa hiyo sehemu uliyopita kwa miguu mwezi wa kumi inaweza kuwa njia ya mitumbwi mwezi wa pili.

Mwaka 1982 UNESCO iliiingiza Lufira kwenye orodha ya hifadhi za bayosfia. Nchini kwetu Kongo ziko tatu tu: Yangambi, Luki na hii yetu. Bonde la Lufira limo pia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Hifadhi ya namna hii haifanani na Upemba au Kundelungu, ambako unaingia mbuga ya wanyama. Hapa watu wanaishi ndani, wanavua, wanalima, wanachoma makala (makaa). Wewe ni mgeni wao, na safari nzima inategemea utakavyoingia kwao.

Mwaka huohuo wa 1982 ndipo mnana wa Lufira alipopewa jina la kisayansi. Mnana ni yule ndege mdogo wa manjano anayesuka viota vinavyoning'inia. Yule wa Tshangalele ana kinyago cheusi usoni na rangi ya kahawia nyekundu inayopakaa kifuani. Jean-Claude Ruwet, Mbelgiji aliyechunguza ndege wa tambarare na bwawa la Lufira, alimkamata mwaka 1960. Miaka 22 baadaye wataalamu wa ndege Louette na Benson wakamwandika kuwa spishi mpya na kumpa jina la Ruwet: *Ploceus ruweti*. Wapo wataalamu waliomhesabu kuwa tawi la mnana mwingine wa magharibi mwa Tanzania, na wapo wanaosema anasimama peke yake. Mimi nashika hili: anajulikana kwenye matete ya ziwa hili, umbali wa asubuhi moja tu kutoka soko la Lubumbashi. Mtoto wa Lubumbashi anamjua simba ambaye hajamwona, na huyu jirani yake hajawahi kutajiwa. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Mara ya kwanza nilikwenda mwezi wa saba kwa sababu barabara ni kavu na mbu ni wachache. Baridi ilikuwa ya kuuma, ukungu haukuondoka juu ya maji mpaka jua lilipopanda sana, na viota nilivyoviona vilikuwa vikavu, vya msimu uliopita, vimechakaa kama kofia za zamani. Ndege wenyewe walikuwa wa rangi ya majani makavu. Madume wengi wa jamii ya mnana huvaa manjano yao wakati wa kuzaa, kisha huyavua. Nilirudi nyumbani bila kujua nimemwona nani.

Kama unataka mnana na viota vibichi, nenda wakati wa mvua, hasa mwezi wa kwanza au wa pili. Ruwet alimpata msimu huo, na wale waliorudi kumtafuta mwaka 2009 walimkuta. Utalowa, utapata matope mpaka magotini, lakini utawaona. Kama nia yako ni kutembea tu na kuona ndege wakubwa wa majini, mwezi wa tano na wa sita ni mizuri: mvua zimeisha, nyasi bado mbichi, vumbi la barabarani halijaanza. Mwezi wa nane mwishoni na wa tisa una joto na moshi wa mashamba yanayochomwa, ila miti ya miombo njiani inatoa majani mapya mekundu kama moto, na hilo peke yake linatosha kukufanya usimamishe gari.

Hatua ya pili: funga mzigo

Darubini ndiyo kitu cha kwanza. Kama huna, azima. Bila darubini mnana ni nukta ya manjano tu. Nguo ziwe za rangi ya udongo au majani. Shati jeupe la Jumapili liache nyumbani, linawakimbiza ndege tangu mbali. Chukua koti la mvua, kofia, buti za mpira, chandarua na maji ya kunywa ya siku zote mbili za safari. Simu na karatasi zako zifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Usisahau kadi ya mpiga kura au kitambulisho kingine, kwa sababu kuna vizuizi njiani. Beba faranga za noti ndogo, maana kule kijijini hakuna atakayekuvunjia noti kubwa asubuhi mapema.

Ongeza sukari, chumvi au sabuni kidogo kwa ajili ya nyumba itakayokupokea. Nitaeleza hapo mbele.

Hatua ya tatu: barabara

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 za lami, na Kapolowe iko kabla hujafika Likasi. Ondoka alfajiri ya siku ya kwanza. Malori ya shaba yanajaza barabara hiyo mchana, na dereva wa basi anayetaka kuyapita yote ni hatari kuliko mamba. Ukipanda gari la Likasi, mwambie dereva mapema, kisha mkumbushe, kwamba unashuka Kapolowe. Uliza pia ni Kapolowe ipi: kuna Gare, upande wa reli na barabara kuu, na kuna Misheni, upande wa maji. Wewe unataka Misheni. Ukishuka Gare utapata pikipiki.

Malazi yatafute kabla hujaondoka, kupitia mtu anayemfahamu mtu huko. Wengine hulala Likasi kwa sababu kuna hoteli. Mimi sikushauri. Ukiamka Likasi, mpaka ufike majini jua limeshapanda na ndege wameshanyamaza. Afadhali chumba cha kawaida Kapolowe, na bukari (ugali) na samaki jioni, na kulala mapema.

Hatua ya nne: salimia kabla hujauliza

Siku ya kwanza mchana usikimbilie majini. Nenda kwa mfumu wa kijiji au kwa mkubwa atakayeonyeshwa kwako. Kaa utakapokalishwa. "Jambo yenu, baba." Eleza unatoka wapi, wazazi wako ni watu wa wapi, umekuja kutazama ndege na hutapima kiwanja cha mtu. Neno hilo la mwisho ni muhimu. Katika nchi ya migodi, mgeni mwenye darubini na daftari anaweza kudhaniwa anatafuta mawe ya kuchimba au shamba la kuwanyang'anya watu. Sukari na sabuni ndipo mahali pake, kwa mikono miwili. Kama unaagizwa utoe kitu kidogo cha kawaida ya kijiji, uliza mbele ya watu ni kiasi gani, ukitoe, mambo yaishe.

Kisha omba uonyeshwe mvuvi mwenye umri. Vijana wana nguvu za kupiga kafi, lakini wazee wanajua ndege analala wapi. Mwite papa, yeye atakuita mwanangu, na kuanzia hapo yeye ndiye mwalimu. Patana bei kabla hujaingia mtumbwini, ya asubuhi nzima na si ya saa, ili asiwe na haraka. Mweleze wazi kwamba hutaki kwenda mbali: unataka kwenda polepole kando ya matete. Wavuvi wengi hudhani mgeni anataka kuvuka ziwa. Uliza habari za viboko na mamba, na akikwambia sehemu fulani hapaendeki, usimbishie.

Tazama mtumbwi wenyewe mchana, kungali na mwanga. Kama kuna nyufa zilizozibwa kwa matambara na maji yamekaa ndani, omba mwingine. Jaketi la kuelea mara nyingi halipo, kwa hiyo ukiweza kupata moja Lubumbashi, libebe, hata kama linachukua nafasi. Mwaka mmoja sikulibeba, upepo ukatukuta katikati, na mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni.

Hatua ya tano: asubuhi juu ya maji

Ingia mtumbwini kukiwa bado giza jepesi. Kaa chini kabisa, miguu mbele, usisimame kwa sababu yoyote. Papa atasimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, kwa kuwa kwenye maji mafupi ya matete kafi haina kazi kubwa. Utasikia upondo ukizama kwenye tope, ukichomoka, matone yakianguka. Usiongee. Zima mlio wa simu.

Wa kwanza kuonekana ni wale wakubwa. Yangeyange weupe wanatoka walikolala, makundi kwa makundi. Minandi weusi wamesimama juu ya nguzo za nyavu, mabawa wameyafungua wazi kama nguo zilizoanikwa. Sile-maua anatembea juu ya majani ya mayungiyungi kwa vidole vyake virefu, jani linazama kidogo chini yake na yeye yupo tayari kwenye jani jingine. Mdiria mweupe na mweusi anasimama hewani, mabawa yanapiga mahali pamoja, kichwa hakitikisiki hata kidogo, halafu anaanguka majini kama jiwe. Ukisikia kilio kikubwa kutoka juu ya mti uliokauka, ni furukombe, tai mla samaki mwenye kichwa cheupe.

Pale maji yanapokuwa safi na mafupi, inama utazame chini. Utaona duara kwenye matope. Dume la tilapia ndilo lililolichimba ili kumvuta jike, na jike akishataga huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Ruwet aliwachunguza samaki hawa pia, hukuhuku. Mwambie papa azungushe mtumbwi, msipite juu yake.

Mnana mtafute kwa masikio. Utasikia kelele kavu, ya kukwaruza, ya ndege wengi kwa pamoja, ikitoka kwenye vichaka vilivyosimama ndani ya maji. Hapo mwombe papa apunguze mwendo. Mara ya pili nilipokwenda nilitaka tusogee zaidi, picha yangu ilikuwa ndogo.

"Papa, tusogee kidogo?"

"Hapana, mwanangu. Tukisogea mama anatoka, na mwewe anaona."

Alichoma upondo kwenye tope, akaufunga mtumbwi kwake kwa kamba ya katani, akaketi. Tulikaa muda mrefu. Ndege walitusahau. Dume mmoja alikuja na ukanda wa jani la tete mdomoni, mrefu kuliko mwili wake mara mbili, akaupitisha kwenye kiota, akauvuta kutoka upande wa pili, akaupitisha tena. Kiota kilikuwa bado cha kijani, mlango ukitazama chini, juu ya maji. Jike alipotua karibu, dume alining'inia chini ya mlango, kichwa chini, akipiga mabawa na kulia. Jike akaingia, akatoka, akaenda zake. Jamii hii ya mnana hufanya hivyo: jike hukagua kazi, na kiota kisichompendeza mara nyingi huachwa kikakauke, au dume mwenyewe hukibomoa na kuanza upya. Yule wetu alirudi kwenye matete kuchana jani jingine.

Kwa hiyo shika sheria hizi ukiwa kwenye viota. Kaa mbali kiasi kwamba ndege wanaendelea na kazi yao. Wakinyamaza wote au wakiruka juu, umekaribia mno, rudi nyuma. Usikate tawi ili uone vizuri. Usicheze sauti za ndege kwenye simu. Usichukue kiota, hata kikavu, kwa sababu mtoto wa kijiji akikuona unachukua, kesho atakukatia kibichi akuuzie. Andika tarehe, mahali na idadi ya viota vya kijani na vya kahawia. Ukirudi mjini, peleka daftari hilo kwa mwalimu au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) anayeshughulika na mazingira. Hesabu ya mtu mmoja kila mwaka, mahali palepale, ina faida kubwa kwa ndege ambaye wachache wanamfuatilia.

Toka majini kabla ya adhuhuri. Wakati wa mvua mawingu hujikusanya mchana, na radi za Katanga zinaua. Papa akitazama mbingu na kugeuza mtumbwi, usimwombe dakika tano zaidi.

Hatua ya sita: kutembea kwa miguu

Mchana wa siku ya pili, kama mwili unaweza, tembea kando ya dembo na kijana wa kijiji. Fuata njia za wavuvi na za ng'ombe, usijikatie yako. Mahali nyasi ni za kijani sana na laini, chini kuna maji. Chomeka fimbo kwanza ndipo uweke mguu. Ukikuta ndege ameanguka mbele yako akiburuta bawa kama amevunjika, simama: huenda kiota chake kiko chini karibu na buti zako.

Picha piga za ndege na majani. Bwawa la Mwadingusha, madaraja, mitambo ya umeme na askari usiwapige. Kama unataka kulitazama bwawa, tafuta ruhusa kwanza, na ukikataliwa, rudi kwa amani.

Maji na afya

Usinywe maji ya ziwa, hata yaliyochemshwa. Mto Panda, unaopita Likasi kwenye viwanda vya shaba na kobalti, unaleta maji yake upande huu, na metali za viwandani zimepimwa kwenye ziwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, metali inabaki. Usioge wala kuchezea maji yaliyotulia kwenye matete, kuna konokono wanaobeba kichocho. Jioni vaa mikono mirefu, lala ndani ya chandarua. Ukipata homa wiki moja au mbili baada ya kurudi, nenda ukapime malaria, usingoje.

Ukiwa na siku ya tatu

Wengi huniuliza kama Katanga kuna mabwawa ya chumvi kama ya pwani. Yapo, bila bahari. Katika bonde hilihili la Lufira, upande wa Mwashya, maji ya chumvi hutoka ardhini, na wakati wa kiangazi udongo unabaki na ukoko mweupe. Zamani za mfalme Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891, chumvi ya Mwashya ilibebwa mbali na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine. Namna ya kazi ilikuwa kukwangua udongo, kuumwagia maji, kuyachuja, kisha kuyachemsha mpaka chumvi ibaki chunguni. Njia ya huko ulizie Likasi, chukua mwenyeji, na usiende wakati wa mvua.

Kurudi

Mlipe papa ukishashuka, mkononi mwake mwenyewe, na umwambie "aksanti sana" mbele ya watoto wake. Samaki nunua kwa mke wake kama anauza. Kambale wa moshi ndiye anayesafiri vizuri: chagua aliyekauka mpaka mgongoni, umbonyeze kwa kidole, asiwe laini karibu na kichwa. Mfunge kwa karatasi, si plastiki, la sivyo atatoa maji na kuoza kabla hujapita vizuizi. Kisha ukakae barabarani Gare mapema. Magari yanayotoka Likasi jioni hupita yamejaa.